Fundi wa Chokaa na Hoteli ya Kona

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka fundi wa chokaa. Alifariki Jumanne, akiwa na miaka sabini na minane. Sitawaficha, nimekasirika.

Hoteli ya kona mnaijua, ile ya ghorofa tatu. Mjenzi wake hakuipa kona ncha. Aliizungusha kama tumbo la mtungi, mlango ukatazama barabara zote mbili. Juu kuna roshani ya chuma, ndani ngazi ya mbao inayopanda ikizunguka. Kuta zake ni za mawe na chokaa. Narudia: mawe na chokaa, si saruji.

Fundi alizitunza kuta hizo miaka arobaini na moja. Kila mvua zikiisha, alizipaka chokaa upya. Kwanza aliulaza mkono ukutani, kama mama anayempima mtoto homa. Mkewe alikuwa akimtania, "Mimi nikiumwa, unaniambia nilale. Ukuta ukiumwa, hulali wewe!"

Kisha wenye hoteli wakataka kuta laini, za kung'aa. Ikaletwa saruji.

"Jamani, ukuta huu unapumua," fundi akawaambia. "Mkiuziba, maji yatabaki ndani."

Msimamizi akacheka. "Kwani mzee, ukuta una pua?"

Wiki hiyohiyo akaambiwa apumzike nyumbani.

Miaka sita baadaye kona ikapasuka. Fundi akasema, binti yake akaandika: barua nne kwa ofisi ya majengo. Bandueni saruji, pakeni chokaa, vipimo vya kuchanganya ni hivi. Barua nne, jibu hakuna. Mwezi uliopita likabandikwa tangazo kwamba hoteli ibomolewe, ni mbovu tangu zamani.

"Baba alirudia, 'Tangu zamani? Tangu zamani?' mpaka sauti ikakauka," binti ameniambia. "Neno hilo lilimuuma kuliko ugonjwa."

Juzi, siku moja baada ya mazishi, ndipo mkaguzi wa ofisi ya majengo alipobandua kipande cha saruji. Chokaa ya nyuma imelowa chapachapa. Mawe mazima. Ubomoaji umesimamishwa.

Mkaguzi akampigia binti simu. "Dada, marehemu alikuwa anachanganyaje?"

"Vipimo vimo kwenye barua zetu. Zitafuteni."

Mpaka naingia studio, hazijaonekana.

Mama mjane, na wewe binti, poleni sana. Mungu amlaze mzee mahali pema. Na wewe unayenisikiliza ukiwa na faili za watu mezani, zima redio. Soma.