Mlango Niliouacha Wazi Uingereza

Wazee wangu, shikamooni. Na ninyi wengine, habari za tangu asubuhi. Mwenyekiti ameniita mbele kwa sababu ya ile hoja ya leo, kwamba mwanachama wa chama chetu cha kufa na kuzikana akituma rambirambi kwa simu ahesabiwe amefika msibani. Mimi simu siipingi. Ila kuna jambo lilinipata nikiwa Uingereza, na nikikaa nalo kimya leo sitalala vizuri. Sitamtaja mtu kwa jina.

Mnanijua, mtoto wa mwalimu, hapahapa Ilongero. Nyumbani kulikuwa na sanduku la vitabu vya Kiingereza ambavyo wageni fulani walimwachia baba, kurasa zimeliwa na mchwa pembeni. Nilivisoma nikiwa juu ya kichanja, kazi yangu ni kufukuza ndege kwenye uwele, na ndege walishiba kweli. Ndani ya vile vitabu Waingereza walikuwa watu wa kupendeza. Jirani anaingia kwa mlango wa jikoni, anakaribishwa chai, wanaongea habari za mvua mpaka jioni. Baadaye nikaona filamu zao kwenye kibanda cha video, na chai ni ileile. Kwa hiyo nilipopata kazi ya kutunza wazee kule, nimeshakuwa mjane na watoto wamekua, niliondoka nikiamini naijua nchi ninayokwenda.

Chai niliikuta. Mvua niliikuta. Jirani ndiye sikumwona. Mtu ukimkanyaga anakuomba radhi yeye, halafu anapita, na mwaka unaisha hajui unaitwa nani. Kazini niliambiwa nimwite kwa jina lake mzee anayeweza kumzaa baba yangu. Ulimi ulikataa. Nikawa namnawisha uso huku nasema shikamoo kimoyomoyo, na marahaba najiitikia mwenyewe. Mnacheka, na mimi mwanzoni nilicheka. Wale wazee walikaa mbele ya televisheni kutwa nzima, wanaangalia watu wakishindana kuoka keki. Watoto wao wakija Jumapili walikaa na makoti yao mwilini, ujue hawakai sana.

Basi, asubuhi moja najiandaa kwenda kazini, kaka yangu akapiga simu. Akaniambia, "Mama ametutoka." Kisha akauliza, "Utakuja?"

Nilikuwa siwezi kuja. Kibali changu cha kukaa kilikuwa kinaombwa upya na pasipoti iko kwa watu wa uhamiaji. Ningeidai nikatoka, lakini kurudi kungekuwa hakuna, na deni la dawa za mama mwenyewe lilikuwa linalipwa kwa ile kazi. Kaka akasema, "Sisi tutamsitiri. Wewe tulia." Nitatuliaje?

Siku ya maziko mtu mmoja alishika simu ili nione. Niliona miguu. Niliona migongo ya watu na khanga. Wewe mama uliyekaa pale dirishani, nilikuona, ulijifunga kitenge cha bluu na ulikuwa unalia kwa niaba yangu. Jeneza lilipoanza kushuka, mtandao ukakatika. Picha ikaganda kwenye koleo. Nilimzika mama kama mtu anayeangalia filamu, ndugu zangu, na filamu yenyewe mwisho wake sikuuona.

Kazini wakanipa pole na siku chache za kupumzika. Hapo ndipo nilipoanguka. Sikupika. Sikuoga. Niliwasha televisheni nikawa nakaa mbele yake kama wale wazee wangu. Kwenye zile filamu zao za upelelezi mtu akifa, anakuja mtu mwenye koti refu anauliza nani kamuua. Nyumba nzima inaulizwa ulikuwa wapi, uliona nini. Hakuna anayeulizwa kama amekula. Vile vipindi vya keki ndivyo vilivyonimaliza kabisa, mtu mzima analia kwa sababu keki yake imebonyea katikati. Nilimchukia yule mtu. Nawaambieni ukweli, nilimchukia mpaka nikajiogopa. Siku za kupumzika zikaisha, kazini sikwenda. Nikaanza kuona kwamba nikilala nisiamke itakuwa nafuu, na wazo hilo likawa haliniogopeshi tena. Hapo ndipo pabaya, wenzangu. Asije mtu akawadanganya kwamba pabaya ni pale unapolia.

Sasa sikilizeni. Asubuhi moja nilisimama nikajiuliza, hii nyumba si ina msiba? Na nyumba yenye msiba sisi tunaifanyaje? Nikazima televisheni. Nikasogeza viti vyote ukutani, nikatandika blanketi sakafuni, nikajifunga khanga. Kisha nikaufungua mlango wa barabarani nikauacha wazi, maana msibani hakuna anayebisha hodi. Mimi na akili zangu timamu, mzaliwa wa Ilongero, nikakaa chini kusubiri majirani. Wakati wenyewe ni wa baridi kali, barafu iko barabarani.

Watu walipita. Mwingine alichungulia akaongeza mwendo. Aliyeleta mzigo wa nyumba ya pili alinitazama kama anayemwona mwendawazimu. Miguu ilikuwa imeshakufa ganzi nilipomwona bibi wa ng'ambo ya barabara anavuka na mkongojo wake. Yule bibi siku zote nilikuwa namjua kwa pazia lake tu, likitikisika ninapopita.

Akasimama kizingitini. "Mlango wako uko wazi," akasema. "Unapoteza joto lote."

"Mama yangu amefariki," nikamjibu.

Hayo maneno nilikuwa sijayasema kwa sauti hata mara moja. Yule bibi alinitazama, akatazama viti vilivyosogezwa, kisha akageuka akaenda zake. Nikasema basi, yamekwisha, hata huyu. Lakini alirudi. Alikuwa amevaa koti, kofia na glavu, mkononi ana chupa ya chai na mto. Sakafuni hakuweza kukaa kwa sababu ya magoti, akakalia ngazi ya chini kabisa ya kupandia ghorofani.

Akauliza, "Huwa mnafanya nini?"

"Tunakaa."

"Mpaka lini?"

"Mpaka watu waone inatosha."

Mlango hakuufunga. Alikaa na baridi ile, pua imemwiva. Baada ya muda akaniuliza mama yangu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamwambia alikuwa anatwanga uwele huku anatugombeza, mchi na maneno vinaenda pamoja. Hapo nikalia, kilio chenyewe, cha kwetu, cha kusikika mpaka barabarani. Hakunishika, hawana mazoea hayo. Alinimiminia chai tu, akaniambia kwamba mume wake alipofariki walimtumia kadi nzuri zenye picha za maua mpaka kabati likajaa, na waliozituma wakikutana naye dukani wanahamia upande mwingine kwa kukosa la kusema. "Hakuna aliyekaa," akasema.

Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Alinilisha supu ya kopo isiyo na chumvi na alinisimamia nikaoga. Yeye ndiye aliyenipigia simu kazini. Nikainuka, polepole. Nipo hapa, mnaniona.

Alifariki kabla sijarejea nyumbani. Kwao walisubiri wiki kadhaa kuuchoma mwili, na ibada ilikuwa fupi, tunatoka watu wa msiba mwingine wanasubiri kuingia. Kila mtu akaenda kwenye gari lake. Mimi nikarudi nyumbani, nikasogeza viti, nikafungua mlango, nikakaa. Siku hiyo hakuvuka mtu.

Nawashukuru mliomsitiri mama yangu. Namshukuru kaka yangu, namshukuru mama wa kitenge cha bluu. Hiyo hoja mtaiamua wenyewe. Mimi ninachojua, pesa za rambirambi nilitumiwa na nilizipokea, na bado nilikuwa nakufa. Aliyeniokoa hakuwa na kitu ila chupa ya chai, na alikuja kwa miguu yake mibovu.

Nimemaliza. Naomba msipige makofi. Naomba tukae kidogo kwa ajili ya yule bibi, maana kule nilimkalia peke yangu.