Chai ya Upindo wa Suruali

Sogeeni wanangu, sogeeni karibu na kitanda, maana sauti niliyobaki nayo haitoshi kuvuka chumba, na haya nitakayoyasema asubuhi hii sitaki yasikiwe nusu. Fondo, mwanangu mkubwa, keti hapo miguuni pangu. Sidi, binti yangu, niinue kidogo, niwekee mto mgongoni. Everlyne mjukuu wangu, rudisha dirisha la upande wa barabara ya Ndia Kuu, wale watu wa mikokoteni hawajui kama kuna mtu anakufa. Na wewe Mama Ken, dada yangu Ndinda, uliyeshuka basi jana kutoka Ukambani kwa sababu nilikutumia neno uje bila kukwambia la nini, usikae mlangoni kama mtu anayengoja kufukuzwa. Twaa kiti. Najua umedhani umeitwa kumjulia hali mgonjwa. Hali yangu ndiyo hii. Nimekuita kwa jambo la marehemu mumeo, Musyoka, na wanangu nao hawalijui, basi mtalisikia pamoja.

Tangu Jumapili chai hainipiti kooni. Daktari amesema mengi na Fondo amenifasiria machache, lakini mimi Nyevu, ambaye miaka arobaini sikupata kuianza siku bila kikombe cha chai ya rangi, leo nikiinusa tu nageuza uso, na hapo sihitaji daktari wa kunielezea. Mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi maradhi yangu mengine nimeyaficha miaka ishirini na saba.

Mali yangu haina ugomvi, tuimalize upesi. Minazi ya Rabai ni yenu wawili, Fondo na Sidi, na asikate mmoja kabla hajamuuliza mwenziwe. Kibanda cha Mwembe Tayari, na birika kubwa, na mabenchi, ni vya Everlyne, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeweza kuketi nami alfajiri bila kuniuliza inaiva saa ngapi. Wewe Everlyne, maji yachemke mpaka yapige kelele, ndipo utie majani, ufunike, uepue, na ikishaepuliwa usiirudishe motoni, kwa maana chai iliyorudishwa motoni huwa chungu kama mtu aliyerudiwa na mume. Iliki usitie. Tangawizi usitie. Nilipoanza, mama mmoja wa hapa mjini alinipita na buibui lake akasema, "Nyevu, chai isiyo iliki ni bibi harusi asiye na udi." Nikamwambia, "Basi wewe kamnuse bibi harusi, mie niachie chai." Kesho yake akaleta chupa nimjazie, na akaleta kila siku mpaka alipokufa.

Kwa sababu chai ile ilikuwa chai. Mnakumbuka? Makuli wa bandarini wakiiita turungi, wakija giza halijaondoka, macho yamefumba, wanashika kikombe kwa mikono miwili kama mtu anayeshika kifaranga, wanapiga funda la kwanza. Rangi yake nyekundu ya kuiva, haina weusi wa kuungua. Unakunywa, inakukwaruza kidogo ulimini, kisha inaacha utamu ambao si wa sukari, na mtu anainua kichwa anaona kumbe kumekucha. Madereva wa mabasi ya bara walikuwa hawawashi gari kabla hawajapita kwangu. Wakiniuliza siri, nawaambia siri ni mkono. Uongo. Siri ilikuwa upindo wa suruali.

Sasa nyamazeni nisije nikapotea njia.

Marehemu baba yenu Tsofa alikuwa mchanganyaji katika godauni moja la chai kule bandarini, jina lake silitaji, na mwenziwe wa koleo alikuwa Musyoka. Kazi yao ilikuwa kumwaga chini chai za mashamba mbalimbali, hii ya vumbi inayotoa rangi, na ile ya chembe inayotoa ladha, halafu wanasimama mmoja huku mmoja kule wanazigeuza kwa makoleo ya mbao mpaka ziwe kitu kimoja. Vumbi la chai liliwaingia puani, masikioni, na kwenye upindo wa suruali. Jioni Tsofa akirudi alikuwa akisimama juu ya mkeka, anakunjua upindo, inaanguka konzi moja ya chai. Hiyo haikuwa wizi. Hiyo ilikuwa vumbi la kazi, kama magamba ya samaki yanavyobaki mkononi mwa mchuuzi. Nikaipika, tukanywa mimi na yeye, tukatazamana. Hatukuwahi kunywa kitu kama kile. Zile chai nzuri, wanangu, zilipita mji huu wetu zikaenda kupanda meli, sisi tukinunua madukani makapi.

Tamaa haikuja kwa kishindo. Ilikuja na sindano. Nilikwenda Biashara Street nikanunua uzi wa kaki, nikaushona upindo wa Tsofa upya, wa mara mbili, ndani una mfuko mdomo wake unatazama juu, mtu akiwa anafanya kazi unajaa wenyewe. Konzi moja zikawa tatu. Nikafungua kibanda. Na kibanda kilipopata watu, konzi tatu hazikutosha.

Mama Ken, wakati huo wewe ulikuwa kwenu unalima, na Ken wako unamnyonyesha. Musyoka alikuwa akiishi peke yake, na mimi nilikuwa nikimfulia na kumtilia viraka, kwa kuwa alikuwa ndugu wa mume wangu katika kazi na hakupata kunikosea heshima. Kila asubuhi alipita kibandani kabla ya zamu, kikombe cha kwanza ni chake. "Shemeji," aliniambia, "chai yako inafanana na harufu ya kazini, mpaka naona kama sijatoka." Alisema hivyo anacheka. Hakujua. Sikilizeni neno hili: hakujua. Mimi niliichukua suruali yake ya kazi nikaishona kama ya Tsofa, sikumwambia, na kila jioni alipokuja kula kwetu alibadilisha nguo akaniachia ile niikung'ute na kuipiga pasi. Nikaikung'uta juu ya mkeka wangu. Mtu yule alinibebea chai miezi kumi akidhani ana shemeji mwema.

Fondo, usiangalie chini. Bado.

Asubuhi moja ya mwaka wa sitini na tisa, kijana wa shati jeupe alikaa kwenye benchi langu anangoja basi la bara. Nikampa kikombe. Akanusa kwanza. Akaivuta kwa nguvu, yafanya mlio, akaizungusha mdomoni, halafu akaitema mtaroni. Nikaudhika. Nikamwambia, "Mwanangu, chai yangu wengine wanaimeza." Akacheka, akasema, "Mama, hii umeinunua wapi?" Na mimi kwa majivuno yangu, mimi mwanamke nisiyejua hata kuandika jina langu, nikamjibu, "Hainunuliwi. Ni mchanganyiko wangu." Akanitazama vile unavyomtazama mtoto aliyejikata na kisu. "Mchanganyiko huu," akasema, "niliuonja mimi juzi na kuukubali. Haujatoka godauni. Unangoja meli." Akaweka kikombe chini, akaacha basi lake liondoke, akarudi bandarini.

Kumbe kuna watu ambao kazi yao ni kuonja na kutema. Mimi nilidhani hakuipenda.

Nilifunga kibanda nikakimbia bandarini na bakuli la chakula kichwani, kama ninayempelekea mume wangu chakula cha mchana. Tsofa akaja getini. Nikamwambia. Aliingia chooni akafumua upindo wake kwa meno, akamwaga kila kitu, akarudi kuchukua bakuli. Nikamuuliza, "Na Musyoka?" Alikula chakula chote kwa matonge ya haraka. Halafu akasema, "Nikimwambia afumue, itabidi nimwambie nani alishona." Nikasema, basi mwambie. Akasema, "Nyevu, hawa lazima wampate mtu. Wakimpata mmoja watatosheka." Na mimi nilikuwa nimesimama pale, mlango uko wazi, Musyoka namwona kwa ndani na koleo lake, hata mkono alinipungia. Ningeita tu. Sauti nilikuwa nayo siku hiyo, si kama hii ya leo. Nikachukua bakuli langu tupu nikarudi.

Jioni wakubwa wa godauni waliwapanga wanaume wote mstari, wakawakunjua pindo za suruali. Kwa Musyoka ilimwagika chai mpaka askari mwenyewe akacheka. Alipigwa mbele ya wenziwe kwa koleo lake mwenyewe, akafungwa mwaka mmoja na nusu. Huko ndiko kifua kilikoharibika. Alipotoka akarudi kwenu, Mama Ken, na mwaka wa sabini na nne mkamzika, na najua, kwa kuwa watu wa bara waliokunywa chai kwangu walinisimulia bila kujua wananisimulia mimi, kwamba alizikwa kama mwizi, na mchungaji hakusimama kaburini.

Sisi tuliendelea. La kuvunda halina ubani, lakini tulilifukizia. Baba yenu alisifiwa kwa uaminifu, akapandishwa. Kwa sifa hiyo wewe Fondo uliajiriwa palepale, na leo ni msimamizi wa lango. Na mwaka wa tisini na mbili ulirudi nyumbani, umekaa hapo hapo ulipo, ukatuambia kuna kijana wa Kikamba, Ken mwana wa Musyoka, alikuja kuomba kazi, ukamwambia, "Hapa hatupandi mbegu ya mwizi." Ukacheka. Ukaniomba chai. Nikakupa. Nikaimwaga nusu kwenye kisahani, ukaniambia, "Mama umezeeka."

Mwizi ni mimi. Baba yako ni wa pili. Mbegu ni wewe.

Usisimame, Fondo. Najua unataka kusema nina homa. Homa ninayo, na akili ninayo. Wosia wangu ndio huu, na ile minazi na kibanda ni porojo tu mbele yake: nikifa msinizike mpaka uwe umekwenda Ukambani na Mama Ken, ukasimama kanisani kwao Jumapili, mbele ya watu wale wale waliomzika, ukasema kwa kinywa chako nani alishona, nani alinyamaza, na nani hakujua. Kisha ukamchukue Ken kwa mkono mpaka kazini kwako, ukaseme na hapo. Watakufukuza, huenda. Waache. Kazi ile si yako, ni ya mtu mwingine, wewe umeikalia tu. Nilale mochari wiki, nilale mwezi, sitalalamika. Sidi, wewe ndiye shahidi. Wakija jamaa kutoka Rabai wakidai maiti, waambie mama alikataa kuzikwa.

Nipe maji nilowanishe midomo. Hayo hayo. Basi.

Mama Ken, sikukuita nikuombe radhi. Radhi ningekuomba mwaka ule, kabla hajafa. Ukitaka kutema mate hapa sakafuni na kuondoka, Everlyne atakufungulia mlango kwa heshima.

Umesema nini? Sidi, amesema nini, masikio haya... Anauliza kama alijua. Kama Musyoka alikuja kujua.

Ndiyo, dada. Alijua.

Siku aliyotoka gerezani alikuja kibandani, alfajiri, amevaa suruali ile ile, walikuwa wamemrudishia. Aliketi. Nikampa kikombe. Alikunywa yote, taratibu, mpaka mashapo ya chini. Halafu akainama akanionyesha upindo ulivyofumuka, uzi wangu unaning'inia, akasema, "Shemeji, mwaka mzima na nusu nimeutazama mshono huu. Hakuna mwingine anayepiga fundo mara mbili mwisho wa uzi." Nikamuuliza kwa nini hukunitaja. Akasema, "Watoto wako ni wadogo na wako mjini, wangefukuzwa chumba. Wangu wana shamba na wana mama yao." Akasimama. Akaniambia kwaheri kama siku zote. Aliposema watoto wako, alikuonyesha wewe kwa kidole, Fondo, ulikuwa umelala chini ya meza ya kibanda, una miaka minane.

Unalia, Mama Ken. Sema, hata kama ni kwa sauti ndogo, nitasikia.

Unasema ulimwita mwizi mpaka siku anakata roho. Na hakukujibu.

Ee Mungu. Hilo nalo ni langu. Usilibebe, dada. Mimi nililishona, niachie, nakwenda nalo.

Sogea Sidi, pumzi inakuwa... Wanangu. Msiibe hata kilicholala sakafuni. Mkiona mtu anawapungia mkono, mwiteni. Iteni kwa sauti, hata kama mtaaibika. Aibu mtu huamka nayo, huoga, hula. Lile jingine, la kunyamaza, halilaliki.

Everlyne, majani nunua dukani. Yatakuwa mabaya. Watu watazoea.

Mungu awape... awape usingizi, wanangu. Nawaombea usingizi, ambao mimi sikuupata. Mungu amsafishie Musyoka jina lake. Ken azae. Sidi, uzae hata sasa, usicheke, Mungu haangalii... Na wewe Fondo, baraka yako nimeishika mkononi, siiachi. Siiachi mpaka...

Nani anavaa viatu? Macho haya ni kama moshi. Sidi, ni nani anayevaa viatu?

Nyamaza, usiniambie, nimesikia. Mguu mzito huo ni wa mwanangu. Na anamwambia Mama Ken, "Mama, nishike mkono, ngazi ni mbovu."

Haya. Haya, baba. Basi baraka yako ichukue. Nenda nayo.

Mshushe ngazi polepole.