Chumba cha Mbele Kisipangishwe

Sogeeni, Obeid na Safiyo, kaeni pale ninapowaona, na wewe Mzee Bashir, jirani yangu, usikie ili kesho pasiwe na ubishi. Nyumba hii ya Bondeni niliijenga kwa chai na mandazi niliyowauzia watu waliokuja kortini, na sheria yetu inaniruhusu niusie thuluthi yake nitakavyo. Iliyobaki ni yenu, mgawane kama dini inavyosema. Thuluthi yangu ni chumba cha mbele na kile kinachofuata. Cha mbele kisipangishwe kamwe, na kodi ya kile cha pili iwe nauli. Najua, Obeid, umeshakunja uso. Ngoja nieleze, maana siwezi kutulia hapa kitandani nikiwa nimenyamaza.

Mnamkumbuka Wariara, mpangaji wetu wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya wakoloni ilipokuwa ikiwasaka Wakikuyu. Mumewe, Gathuku, alikuwa akiuza makaa Kariandusi, kwenye machimbo ya ule udongo mweupe. Siku moja mvua ilimkuta huko, mlinzi wa machimbo akamwazima koti kuukuu, na njiani askari wakampekua wakakuta risasi mfukoni. Miaka ile risasi moja ilitosha kumfikisha mtu kwenye kitanzi. Mlinzi akaapa kwamba lile koti hajawahi kuliona.

Wariara hangeweza kumlipa wakili, lakini kesi ikiwa ya kitanzi serikali ilimpa maskini wakili wa bure. Akapewa kijana mmoja wa Kihindi, mpole, aliyekabidhiwa faili asubuhi ileile ya kesi, akaongea na Gathuku kupitia mkalimani kwenye mlango wa mahabusu. Gathuku akamwambia mchimbaji mmoja aitwaye Achola aliliona koti likitolewa. Wakili akaja kwenye meza yangu ya chai nje ya korti, akashika kikombe asinywe. Nikamuuliza huyo Achola ataletwa na nani.

"Mama," akaniambia, "serikali inanilipa nisimame naye mbele ya jaji. Hainilipi nimtafutie shahidi."

Hakulisema kwa kiburi, alilisema akiangalia viatu vyake. Kisha akarudi ndani akamwomba jaji asogeze kesi mpaka kesho, akakubaliwa.

Wariara hangeweza kwenda kumleta Achola, maana Mkikuyu asiye na pasi ya kusafiria angekamatwa njiani kabla ya kufika Elmenteita. Ndipo nikafunika sufuria zangu nikapanda lori la mboga kwenda Kariandusi. Wewe, Obeid, ulinishika mkono pale barabarani ukasema, "Mama, hawa si watu wetu." Nikautoa mkono wangu.

Achola nilimkuta mweupe kichwa hadi miguu kwa vumbi. Akasema ana watoto, na akija kortini kazi itamponyoka. Sikumdanganya kwamba haitamponyoka. Nilimwambia tu, "Wewe uliona. Ningeona mimi, ningesema mwenyewe." Akaenda kunawa. Alilala kwenye kile chumba cha mbele, na kesho yake akasimama akasema alichokiona, na yule wakili, ambaye sasa alikuwa na pa kushika, akambana mlinzi kwa maswali mpaka akajikanyaga. Gathuku akaponea kitanzi. Hata hivyo walimpeleka kizuizini bila kesi, na aliporudi alikuwa amekonda kama ufito. Lakini alirudi.

Mngedhani nilipumzika. Kesi ile ilipokwisha tu, wakamleta mtu mwingine, na wakili akawa yuleyule, na faili kapewa papo hapo. Yule mtu alisema kuna mwanamke Longonot aliyemuuzia maziwa siku ya tukio, naye aulizwe. Jaji akasema kesi haziwezi kusogezwa kila mara. Walipomsomea hukumu alikuwa bado anautazama mlango, kana kwamba yule mama wa maziwa angeingia wakati wowote. Jina lake sikupata kulijua. Mpaka leo, nikisikia treni ikiondoka kwenda upande ule, naugeukia mlango.

Baada ya hapo, Obeid, walikutoa kazini stesheni kwa sababu nilimleta Achola, wakapekua nyumba yetu, nawe ukaacha kula nami sahani moja. Kinyongo chako nakijua, wala sikulazimishi ukitupe leo. Lakini sijuti, na kama miguu ingenibeba ningekwenda tena.

Huenda siku moja serikali itawalipa mawakili wa maskini ipasavyo, iwape muda, na gari, na mtu wa kuwatafutia mashahidi. Mpaka hapo, shahidi atokaye mbali alale kwetu, na nauli yake itoke kwenye kile chumba cha pili. Msiulize kabila lake. Msiulize kama mshtakiwa ana hatia, hiyo ni kazi ya jaji. Safiyo, ufunguo ukae nao wewe. Sanda yangu iko sandukuni, na msicheleweshe kunizika kwa kungoja watu wa mbali. Nipe maji... ahsante, mwanangu.

Nimewaridhia nyote wawili, kwa niliyoyaona na nisiyoyaona. Mungu awape riziki isiyowafunga mdomo, na awape watoto... watakaowasikiliza kama mnavyonisikiliza.

Sauti inanikimbia. Obeid, sogea. Leo korti inakaa, nasikia watu wakipita. Nenda ukasimame kwenye lango la korti, uulize ni nani ametoka mbali na hana pa kufikia. Usiningoje mimi. Safiyo yupo, atanisomea...

Mbona bado umekaa? Nenda, mwanangu. Nenda... kabla hawajaanza.