Mwalimu wa Madereva wa Taka za Sumu, na Saini Yake Moja

Ndugu, jamaa na marafiki, poleni kwa kusimama. Mimi ni mdogo wa marehemu, ninayemfuata kwa kuzaliwa. Wengine wamelia mpaka sauti zimekauka, kwa hiyo kusoma kumeniangukia mimi. Nitasoma polepole, maana nimechoka.

Kaka yetu alizaliwa tarehe 9 Februari 1958, mtoto wa kwanza wa fundi cherehani na mkunga. Alimaliza shule ya msingi mwaka 1972, akasomea umakanika miaka miwili. Darasani hakuwa hodari, tusidanganyane. Lakini kitu kikishamwingia kichwani, hakitoki.

Alianza kuendesha lori mwaka 1981. Mwaka 1990 alipata leseni ya kubeba taka za sumu: asidi zilizotumika, mabaki ya dawa za wadudu, taka za hospitali. Kila baada ya miaka mitatu alirudi darasani, akapimwa macho na kufanya mtihani upya. Mwaka 1999 akawa mwalimu wa wenzake. Walimwita Bwana Kibandiko, kwani mbele yake hakuna aliyegusa pipa kabla ya kusoma kibandiko chake kwa sauti. Hata nyumbani aliisoma chupa ya dawa ya kikohozi mpaka anwani ya kiwanda, mgonjwa anakohoa tu.

Tarehe 14 Agosti 1984 alimwoa wifi yangu, mpokea simu wa kampuni ya malori, wakajaliwa mabinti watatu. "Nimeolewa na askari wa barabarani," wifi alilalamika kila wakipanda gari, huku anafunga mkanda.

Sasa nifike pale pagumu. Mwenyewe alisema pasirukwe. Mafunzo yao ni ya siku tano, na siku ya tano ni ya vitendo: mtu anavaa vifaa, anajifunza kuzuia sumu iliyomwagika. Juni 2006 dereva mmoja aliomba ruhusa siku hiyo, akidai mama yake kalazwa. Kaka alikuwa hoi, kafundisha wiki nne mfululizo. Akamtilia saini cheti. Miezi miwili baadaye asidi ilivuja njiani, yule dereva akaimwagia ndoo ya maji, jambo linalokatazwa siku ya tano. Ikamrukia, akapoteza jicho la kushoto.

Kaka aliripoti kosa lake mwenyewe, akafungiwa kufundisha mwaka mzima. Aliporudi, hata aliyekosa kwa kufiwa alirudi kufanya siku yake ya tano. Na kila Jumapili alikwenda kumwona yule dereva. Nikamwambia, "Kaka, yaliyopita si ndwele." Akajibu, "Ndwele iko kwake, mdogo wangu. Si mimi wa kusema imepita."

Ini lilianza kumsumbua mwaka 2021. Alilazwa tarehe 3 Mei 2023. Tarehe 18 dereva yule alikuja, akakaa kando ya kitanda.

"Mwalimu, siku ile mama hakuwa mgonjwa. Nilikwenda harusini."

Nilitaka kumtoa nje kwa mikono yangu. Miaka kumi na saba!

Kaka akamuuliza, "Mbona hukusema?"

"Niliogopa hutakuja tena Jumapili."

"Ningekuja," kaka alisema, akamshika mkono.

Alifariki tarehe 20 Mei, saa tatu asubuhi. Ameacha mjane, mabinti watatu, wajukuu watano, mimi, na dereva huyo. Wifi ndiye aliyetaka aandikwe hapa pamoja na familia. Nilibisha, nikashindwa. Haya, bwana, usijifiche huko nyuma. Sogea, uje usimame na sisi.

Kaka yetu, lala salama.