Ngozi Iliyoota Juu ya Maji ya Mananasi

Bamama na batata, mi nilizaliwa hapa Dilala, ndani ya Kolwezi, mutoto wa fundi wa biatu aliyetoka Kasai. Nilidhani mutu ni wa pale kitovu chake kilipozikwa. Halafu ikafika miaka ile ya kufukuzwa. Kazi za mugodi zilikuwa zinakufa, na batu bakatafuta wa kulaumu. Bakatuambia batu ba Kasai turudi kwetu. Tukalala ku gare, juu ya mizigo yetu, tukingoja treni mupaka sikujua tena kama naota ama niko macho. Baba alifia njiani, ndani ya wagoni. Tulimuzika kando ya reli.

Bandugu zangu, nawaambia, miaka ilipita kama ukungu. Nikarudi Kolwezi peke yangu, na sindano za baba, bila ngozi ya kushona. Ngozi ilikuwa imepotea sokoni. Mama mumoja, mutu wa kaskazini ya Katanga, akanipokea. Majirani bakamuuliza kwa nini anamuweka mutu aliyefukuzwa. Akabajibu kwamba nyumba ni yake.

Alikuwa anauza maji ya mananasi yaliyochachuka. Asubuhi moja tukakuta chungu tulichosahau, na juu yake kumeota utando mweupe, munene, kama kipande cha wingu kilicholala majini. Niliukausha juani, ukawa kama ngozi kabisa. Nilipoukunja, ukavunjika kama mukate mukavu. Nililia, bamama. Ilikuwa kama baba amenionyesha kitu halafu akakirudisha.

Yule mama akaokota kipande, akakipapasa.

"Hii ngozi iko na njaa," akasema. "Tuilishe."

Akachemsha maziwa ya soya, yale wanayopewa batoto waliokonda. Tukaloweka utando mwingine ungali mubichi, tukauacha unywe, tukaukausha kivulini, kisha tukautundika juu ya moshi wa mbabula, jiko letu la makaa. Nguvu ya soya ilikuwa imeshikamana na nyuzi zake. Nikaukunja. Nikaukunja tena. Haukuvunjika.

Biatu bya kwanza nilimushonea yeye. Mvua ingali inabishinda, sitawadanganya. Lakini alibivaa kwenda kanisani, akipita polepole katikati ya majirani wale wale, na mumoja wao akaniomba nimushonee na yeye.

Leo nafundisha mabinti zenu. Hatuchinji munyama, hatumwagi sumu mutoni; maji yanayobaki tunanyweshea mboga.

Namushukuru yule mama. Ameketi hapa, amekataa nimutaje. Na nyinyi nawaomba kitu kimoja. Mutu akifika mulangoni bila mahali pa kulala, usimuulize kwanza ametoka wapi. Muulize kama amekula.