Sindano ya Saa Kumi na Mbili

Mfuniko wa sufuria ulianguka jikoni kabla ya alfajiri, ukaniamsha, ndiyo maana niliwahi basi la kwanza la hospitali. Mbele yangu mama mmoja mwoka mikate alimsogezea nafasi fundi viatu aliyechechemea, akampakatia fimbo yake. Kumbe wote wawili walikuwa na kisukari.

"Nimeandikiwa nijidunge sindano saa kumi na mbili asubuhi, kisha nile," mama alisema. "Saa hiyo niko kwenye tanuri, nakula saa nne. Siku moja nilijidunga nikazimia. Sasa nimeacha, na daktari namwambia najidunga."

Nilijifanya natazama dirishani. Uzee una faida zake: watu hudhani husikii.

"Dada, mwambie saa unayokula. Mimi na daktari wangu tulikaa tukapanga upya."

"Atanigombeza, kaka. Kalamu anayo yeye, mimi nina unga tu."

"Mimi nilichelewa kusema. Vidole viwili vya mguu vimeshakwenda."

Basi liliposimama, mama alimshika mkono fundi mpaka mlangoni.

"Kibanda changu kile, cha mlango wa bluu," fundi alisema. "Ukitoka kwa daktari, pita unieleze. Hata usipomwambia, pita. Na siku nyingine upite tena."