Dada wa Mama Bisimwa

Ndani ya teksi iliyojaa abiria, Estelle aliangalia beseni kuliko barabara. Lilikuwa na chupa ya uji, sabuni, kitenge na mkeka uliokunjwa, lakini Monique, mama wa Kikongo aliyelipakata, hakuonekana mgonjwa.

"Nani amelazwa?" akauliza Filda, mke wa polisi, aliyeketi kando ya Monique, kwa sauti ya gwaride.

"Jirani yangu, mama Bisimwa. Alipasuliwa jana. Ndugu zake wote walibaki Bukavu, na mlangoni wanaruhusu ndugu tu. Nitasema mimi ni dada yake."

"Utadanganya wauguzi?"

"Sasa nani atamwosha, mama? Nani atamlisha?"

"Daktari anatibu, ndugu wanauguza. Ndiyo desturi. Serikali haiwezi kumkorogea kila mtu uji."

"Basi sisi tuliokimbia vita tukaacha ndugu, tuugue nusu tu?"

Estelle alitaka kucheka, akashindwa.

"Haya, dada mtu," Filda akasema. "Baba yenu anaitwa nani?"

Monique akaanza kupanga upya vitu vya beseni. Hilo hakuwa amelifikiria.

"Ntinda!" konda akaita. "Mama afande, si ulisema Ntinda?"

"Twende mpaka hospitali!" Filda akamjibu. "Huyu hajui kudanganya, watamfukuza."

"Kwa hiyo umekubali desturi ni mbaya?" Monique akauliza.

"Sijakubali kitu!"

Teksi iliposimama hospitalini walishuka wakibishana, beseni wamelishika huku na huku. Estelle akabaki akijiuliza mama Bisimwa atawapokeaje hao dada zake wawili.